Kosa la Kituo Namba Saba

Siku ya tatu baada ya uchaguzi wa wabunge, Wizara ya Huduma na Shukrani ilitoa tangazo lililosomwa redioni mara nne, na kila lilipofika katikati mtangazaji ilibidi anywe maji. Taifa, lilisema tangazo hilo, limeshapokea matokeo. Sasa litapokea maelezo. Kwa hiyo kimeundwa Kikosi Kazi cha Taifa cha Kuchambua, Kufafanua na Kusikitikia Mwenendo wa Kura, ili kibaini ni kwa nini Mheshimiwa Waziri, ambaye hakuwa na kosa lolote, alikosa ubunge kwa kura moja.

Moja. Si mia, si kumi. Katika vituo vyote vya jimbo, ukijumlisha huku na huku, Waziri na mpinzani wake walikwenda sare kama mapacha. Ni Kituo Namba Saba tu kilichoharibu mambo. Pale walijitokeza watu mia nne na kumi na wawili. Waziri alipata kura mia mbili na nne, mpinzani mia mbili na tano, na kura tatu ziliharibika. Mpinzani mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu aliyefanya kampeni kwa baiskeli, na ahadi yake ilikuwa moja tu, kwamba barua za watu atakuwa anazisoma kabla ya kuzijibu. Wizara iliiona ahadi hiyo kuwa ni ndoto za mchana.

Ieleweke vizuri kwamba Waziri hakushindwa. Alizidiwa. Na kwa kuwa baraza jipya la mawaziri lilikuwa halijaapishwa, aliendelea kuwa Waziri, na muda huo alikusudia kuutumia vizuri. Akatoa agizo la maandishi, kwa kalamu yake maarufu ya wino wa kijani: yeyote atakayebainika kusababisha hasara hii, awe nani, awe wapi, aondolewe ndani ya saa ishirini na nne huduma zote anazopewa na umma, yaani maji, umeme, usafiri, ulinzi na majokofu, na huduma hizo zipelekwe penye uhitaji wa karibu. Hii ndiyo iliyoitwa Sera ya Shukrani. Anayeshukuru hupewa, asiyeshukuru hupungukiwa.

Kazi ya kumtafuta mhusika alipewa Bi Asilimia. Ndivyo alivyoitwa na wenzake, kwa sababu alikuwa mtakwimu, na kwa sababu hata ukimuuliza hali ya nyumbani angekwambia imepanda au imeshuka kwa kiasi gani. Kwa miaka tisa alikuwa akikaimu cheo cha mtu aliyestaafu, katika chumba namba kumi na nne, ghorofa ya tatu, chini ya feni yenye mapanga mawili. Panga la tatu lilikuwa juu ya kabati likisubiri kibali.

"Bi Asilimia," alisema Mkurugenzi, mtu mnene wa maneno na mwembamba wa kazi, "taifa linakutazama. Nataka ripoti. Kurasa zisipungue sitini."

"Na nikimpata mhusika kwenye ukurasa wa pili, mkuu?"

"Mwandike kwenye ukurasa wa sitini na moja. Mambo mazito hayawekwi mlangoni."

Basi Kikosi kikatengeneza fomu ya maswali thelathini na nane. Sheria ya nchi inakataza kumuuliza mtu amempigia nani kura, na Wizara inaheshimu sheria, kwa hiyo fomu iliuliza kila kitu kingine. Siku ya kura ulitanguliza mguu gani ulipotoka nyumbani? Kwenye foleni ulisimama nyuma ya mtu wa aina gani, na je, alikushawishi kwa mgongo? Ulipoiona picha ya Mheshimiwa kwenye karatasi ya kura, moyo ulidunda, ulitulia, au haukuhusika? Swali la mwisho lilikuwa fupi: unajuta?

Wapiga kura mia nne na kumi na mmoja wa Kituo Namba Saba walihojiwa. Wa mia nne na kumi na mbili alikuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe, ambaye alipiga kura pale kwa kuwa ni jirani na nyumba yake, na ambaye hakuhojiwa kwa heshima ya cheo.

Bi Asilimia alianzia kwa kinyozi, kwenye kibanda kilichotazamana na kituo. Kinyozi alikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja.

"Mimi?" alisema kinyozi kabla hajaulizwa. "Mheshimiwa ni damu yangu. Nimempa mimi, kampa mke wangu, kampa shemeji yangu. Andika."

"Sijakuuliza umempa nani. Nauliza ulitanguliza mguu gani."

"Ule aliokuwa anautaka Mheshimiwa."

"Na mimi vilevile," alisema mteja, akiwa ameshika upande wa kichwa uliobaki. "Miguu yote miwili."

Hali ilikuwa hiyohiyo mtaa mzima. Mshona viatu alimpa Waziri. Wauza mitumba walimpa. Bibi mmoja asiyeona vizuri alisema alimpa mara mbili, maana ya kwanza hakuwa na uhakika nayo. Bi Asilimia alipokaa kujumlisha aligundua kwamba, kwa mujibu wa wapiga kura wenyewe, Mheshimiwa alipata kura mia nne na kumi na mbili kati ya watu mia nne na kumi na mmoja.

Mkurugenzi aliipokea habari hiyo kwa furaha kubwa. "Unaona? Wananchi hawana tatizo kabisa. Tatizo ni kura."

"Lakini mkuu, watu wanaogopa. Wakisema vinginevyo wataona kilichomtoa kanga manyoya."

"Hofu ni aina mojawapo ya shukrani," alisema Mkurugenzi, akaagiza sentensi hiyo iingizwe kwenye dibaji.

Kwa kuwa mahojiano hayakumpata mkosaji, Mkurugenzi akakata shauri kwa njia ya kitaalamu zaidi, yaani aliangalia dirishani. Kilichokuwa karibu kabisa na Kituo Namba Saba, ukuta kwa ukuta, ni zahanati. Akasema zahanati ndiyo mhusika. Wagonjwa wamezoea kulalamika, na malalamiko huvuka ukuta. Kwenye kiolezo cha ripoti, palipoandikwa "Mhusika", aliacha nafasi tupu, na pembeni akaandika kwa penseli: zahanati ya jirani. Fundi wa Wizara alitumwa siku hiyohiyo kwenda kupima friji ya chanjo, ajue kama itapita mlangoni.

Hapo ndipo Bi Asilimia alipoweka kalamu chini. Nesi mkuu wa zahanati ile alikuwa mama yake mdogo. Ndiye aliyemlea baada ya mamaye kufariki, akamfundisha kuhesabu kwa vidonge vilivyokwisha muda. Mchana huo alimkuta kwenye veranda, amesimama mbele ya mlango wa chumba cha chanjo, mikono kiunoni, na fundi anazungukazunguka na futi yake.

"Mwanangu," alisema mama mdogo, "huyu kijana wenu anasema friji imepiga kura vibaya."

"Si friji, mama mdogo. Ni zahanati kwa ujumla."

"Aa. Kwa ujumla." Alimsogelea, akashusha sauti, maana benchi lilikuwa limejaa akina mama na watoto wao. "Humo ndani mna chanjo za watoto mia na ishirini. Friji ikiondoka asubuhi, mpaka jioni chanjo zote zimeharibika. Mimi sijasoma kama wewe, lakini hiyo hesabu naijua. Sasa niambie wewe uliyesoma, mtoto wa wiki sita alimnyima Mheshimiwa kura gani?"

Bi Asilimia alilitazama lile benchi. Aliona aibu, na aibu ile ilimpanda mpaka masikioni. Alimwambia mama mdogo ampe siku mbili, kisha akaondoka haraka asije akalia mbele ya fundi.

Nje ya geti la Wizara alimkuta dereva wa Waziri ameegemea gari, anafuta kioo ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

"Dada, mbona umenuna hivyo? Hiyo kura hamjaipata tu?"

"Tumewahoji watu wote. Wote wanasema walimpa."

"Wote?" Dereva alicheka kidogo, akatazama huku na huku. "Na bosi mmemhoji?"

"Bosi tutamhoji nini? Anaweza kujinyima mwenyewe?"

"Mimi sisemi kitu. Mimi ni mtu wa usukani." Akaendelea kufuta kioo. "Ila siku ile alikaa mle kwenye kile kijumba cha kupigia kura dakika nne nzima. Sisi tulidhani analiombea taifa. Wakampa kalamu ya pale, ile iliyofungwa kamba, akaikataa. Akatoa ya kwake. Na alipotoka, kabla hajaitumbukiza karatasi, alimuuliza msimamizi, 'Masijala iko wapi?'"

Masijala ni chumba cha kupokelea majalada, na kituo cha kupigia kura hakina kitu kama hicho. Bi Asilimia akageuka, akapanda ngazi za ghorofa zote tatu bila kupumzika.

Sheria inamruhusu mgombea aliyezidiwa kuomba kuziona kura zilizoharibika. Barua ya maombi ilikuwa imeshaandikwa na Kikosi tangu siku ya kwanza na kutiwa saini na Waziri. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuipeleka. Kesho yake asubuhi Bi Asilimia aliipeleka kwenye ghala la kura. Mtunza ghala, mama mmoja mwenye shada la funguo shingoni, aliwaita mawakala wa pande zote mbili kama kanuni inavyotaka, akafungua bahasha ya Kituo Namba Saba na kutandika karatasi tatu mezani.

Ya kwanza haikuwa na alama yoyote. Ya pili ilikuwa na alama ya vema kwa wagombea wote wawili, ya mtu asiyependa ugomvi. Ya tatu ilikuwa imejaa maandishi kutoka kona hadi kona, kwa wino wa kijani.

*Nimeona. Huyu wa kwanza anafaa. Aendelee. Utekelezaji uwe wa haraka, nipewe taarifa.*

Chini yake palikuwa na saini yenye mizunguko mitatu, tarehe, na cheo chote kwa kirefu.

Alama ya vema haikuwepo. Mtu aliyekuwa ameandika kwenye majalada kwa miaka kumi na minane alipewa karatasi, na mkono wake ukafanya kazi uliyoizoea. Kwa sheria, kura yenye jina au saini ya aliyeipiga ni batili. Wasimamizi wa kituo waliitazama, wakatazamana, kila mmoja akakumbuka kwamba ana watoto, wakaiweka kwenye bahasha ya zilizoharibika. Wakala wa Waziri alitia saini fomu ya kukubali. Naye hakuisoma.

Sasa aliisoma. "Dada," alimnong'oneza Bi Asilimia, "mimi leo sikuja."

"Umekuja, kaka. Umeshaweka jina kwenye daftari."

Mtunza ghala aliwapa nakala, akagonga muhuri, akawaomba wafunge mlango wakitoka kwa sababu ya panya.

Siku hiyo nzima Bi Asilimia alikaa chini ya mapanga yake mawili ya feni akitafakari. Akiandika zahanati, miaka tisa ya kukaimu ingeisha kwa kupewa cheo kamili, na Mkurugenzi alikuwa ameshadokeza hivyo. Akiandika ukweli, huenda hata hicho chumba namba kumi na nne angekipoteza. Lakini kila alipoifikisha kalamu kwenye ile nafasi tupu alimwona mama mdogo amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Mwisho akapiga moyo konde. Alifuta maandishi ya penseli ya Mkurugenzi, akaandika, kwenye ukurasa wa sitini na moja kama alivyoelekezwa:

*Mhusika: mpiga kura namba moja, Kituo Namba Saba. Ushahidi: kiambatisho cha tatu. Zahanati imehusika kwa asilimia sifuri.*

Mpiga kura namba moja alikuwa Mheshimiwa. Wakati wa uandikishaji alikataa kupewa namba nyingine.

Mkurugenzi aliipima ripoti kwa mkono, akaridhika na uzito wake. "Safi sana. Mhusika ameandikwa?"

"Ameandikwa, mkuu. Ungesoma ukurasa wa sitini na moja."

"Bi Asilimia, kusoma ni kazi ya walio chini. Ndiyo maana tunapandishwa vyeo." Akaandika juu ya jalada: *Naafiki. Kwako Mheshimiwa kwa idhini.*

Waziri alikuwa ofisini mwake, nyuma ya meza ambayo ungeweza kulaza wagonjwa wanne. Alikuwa amechoka, na ukimtazama vizuri ungemwonea huruma kidogo, maana tangu matokeo yatoke simu yake ilikuwa kimya. Alinyoosha mkono bila kuinua macho.

"Mheshimiwa," alisema Bi Asilimia, "kabla hujatia saini, naomba utazame ukurasa wa sitini na moja."

"Nimeona."

"Hujaufungua bado, Mheshimiwa."

Mkurugenzi alimkanyaga mguu. Waziri alifungua kalamu yake.

"Dada, mimi nimekuwa Waziri kabla wewe hujajua kujumlisha. Nikisema nimeona, nimeona. Huyo mhusika ana kinga yoyote?"

"Kwa agizo lako, Mheshimiwa, hana. Uliandika awe nani, awe wapi."

"Vizuri sana." Na kwa wino wa kijani, bila kupunguza mwendo, akaandika: *Nimeona. Itekelezwe mara moja. Asisikilizwe.* Mizunguko mitatu, tarehe, cheo kwa kirefu.

Jalada likashuka chini kwenye chumba cha utekelezaji, ambako karani mmoja makini, mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa mtu pekee katika Wizara nzima aliyelipwa kusoma kurasa za mwisho. Alisoma ukurasa wa sitini na moja. Akafungua kiambatisho cha tatu, akakiweka sambamba na jalada, akalinganisha wino na wino, mzunguko na mzunguko. Akapiga simu chumba namba kumi na nne.

"Dada, huyu aliyeagiza na huyu anayeagiziwa wana saini moja."

"Ndiyo."

"Basi hakuna utata," alisema karani, akaanza kujaza fomu. Katika historia ya Wizara, wino wa kijani haukuwahi kukataliwa, na yeye hakuwa na mamlaka ya kuanza.

Kesho yake saa nne asubuhi maji yalikatika nyumbani kwa Waziri, naye akiwa amejipaka sabuni. Saa nne na nusu ukaondoka umeme. Walinzi walipiga saluti, wakachukua benchi lao wakaenda zao. Dereva alikabidhi funguo huku akijitahidi sana kukunja uso. Lori lililokuwa limeandaliwa kwenda kuchukua friji ya zahanati, fundi na futi yake wakiwa ndani, lilirudi nyuma mpaka kwenye mlango wa jiko, na fundi akatoa jokofu la Mheshimiwa, refu kuliko yeye, akalipeleka penye uhitaji wa karibu. Mkurugenzi alipigiwa simu mara kumi na saba. Hakupokea hata moja. Alikuwa anasoma ukurasa wa sitini na moja, mara ya tano, midomo ikimcheza.

Adhuhuri, mzee mmoja mwenye suti nzuri na povu nyuma ya sikio aliingia kwenye zahanati kwa miguu. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Alitaka kupita moja kwa moja, lakini akina mama wa kwenye benchi walimwonyesha mwisho wa foleni, akaenda akakaa, kati ya mama mwenye pacha na kijana mwenye jino.

Bi Asilimia alikuwa pale, amekuja kuliona jokofu jipya likiwashwa. Waziri alimwona.

"Wewe! Nani aliyeidhinisha upuuzi huu?"

Bi Asilimia alitoa nakala ya ripoti kwenye mkoba, akamkabidhi, ikiwa imefunguliwa pale panapohusika. Na kwa kuwa hakukuwa na dereva, wala simu yenye chaji, wala Mkurugenzi, na foleni ilikuwa ndefu, Mheshimiwa alisoma. Alisoma polepole kwa kidole. Alipofika kwenye kiambatisho cha tatu alikisoma mara mbili, na mtoto mmoja wa wale pacha akamshika tai.

"Kumbe ingekuwa sare," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Tungerudia. Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, Mheshimiwa. Ukasema umeona."

Zamu yake ilipofika, mama mdogo alimpima presha, akatikisa kichwa, akamwambia akae kwanza, imepanda. Kisha akamsogezea fomu ya mgonjwa mpya. Alipoona mkono unaingia kwenye mfuko wa koti, na kalamu ya kijani inachomoza, aliushika mkono ule kwa upole kama anavyoishika mikono ya watoto kabla ya sindano, akampa kalamu ya zahanati, ile iliyofungwa kamba.

"Weka tiki kwenye kisanduku, baba," alisema. "Tiki tu. Usiandike kitu kingine."